Kiwanja Kwanza, Mpira Baadaye



Popote wanapokutana Waswahili ughaibuni, iwe ni arusi, msiba au kikao cha chama, chai haijapoa mazungumzo yameshafika kwenye mpira. Huyu ni Arsenal tangu utotoni, yule ni Manchester United hadi kaburini, na wa tatu ni Liverpool, hataki kusikia jingine. Watu hugombana na kununiana wiki nzima kwa sababu ya penalti moja. Lakini muulize yeyote kati yao: ndugu yangu, katika klabu hiyo unayoiita "yetu", wewe una nini? Atakuonyesha jezi. Ukimkazania atakuonyesha na risiti ya jezi, pamoja na bili ya televisheni anayolipa kila mwezi.

Makala hii inapinga mapenzi ya namna hiyo. Hatuupingi mpira, maana sisi nasi tumekulia kwenye mpira wa makaratasi na soksi kuukuu, na magoti yetu yana makovu ya kushuhudia. Tunachopinga ni mtu kuishi mteja, kuzeeka mteja na kufa mteja, huku akijiita mwenye mali. Na ushahidi wetu hatuuagizi mbali. Tunautoa Forest Gate, mashariki ya London, katika mtaa ambao wengi wetu tunaupita tukienda kutafuta mihogo na ndizi mbichi za Green Street.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Katika mpira wa Uingereza, klabu 92 ndizo zilizo katika madaraja manne ya juu: 20 za Ligi Kuu na 72 za madaraja matatu yanayofuata. Klabu zote zilizo chini ya hapo huitwa klabu za nje ya ligi. Jina hilo linapotosha, kwani huko chini ndiko kwenye ligi nyingi zaidi, ngazi chini ya ngazi, na klabu hupanda na kushuka kwa jasho lake. Mchezaji wa huko Jumamosi yumo uwanjani na Jumatatu yumo kazini, anafunga mabomba ya maji au anasomesha watoto. Kiingilio chake ni cha mtu wa kawaida, na baada ya mechi utamkuta mlinda mlango kwenye foleni ya chai, mbele yako.

Anayetaka kuona kwa macho yake ashuke treni katika stesheni ya Forest Gate, ateremke na Woodgrange Road, avuke Romford Road, na barabara itakayoendelea mbele yake ni Upton Lane. Baada ya kama robo saa ya kutembea atafika kwenye jengo la baa kongwe iliyoitwa Old Spotted Dog, ambayo ilifunga milango mwaka 2004. Hapo jirani, katikati ya migongo ya nyumba za watu, ndipo ulipo uwanja uliochukua jina la baa hiyo. Hakuna sanamu ya mchezaji, wala duka la jezi la ghorofa mbili. Mtu anaweza kukaa mtaa wa pili miaka kumi asijue kuwa hapo pana mpira.

Hata hivyo uwanja huo umekuwa ukichezewa tangu 1888, na unahesabiwa kuwa ndio mkongwe kuliko viwanja vyote vya klabu za wakubwa jijini London. Ukisimama kando ya mstari unamsikia kipa akimfokea beki wake, na mpira ukitoka nje wewe ndiye wa kuurudisha. Miaka si mingi iliyopita mashabiki walikuwa wakisimama upande mmoja chini ya paa la bati lililoshikiliwa na mabomba ya chuma, yale yale ambayo mafundi hupandia wanapopaka rangi ghorofa. Sisi tuliosomea uhandisi hatukuwahi kufundishwa kuwa kitu kama kile ni jukwaa. Lakini watu walikuwa wakiimba chini yake mvua ikinyesha, na hilo nalo halimo katika vitabu vyetu.

Klabu iliyoufanya uwanja huo kuwa maarufu ni Clapton. Ilianzishwa mwaka 1877 kwa jina la Downs, na mwaka uliofuata ikajiita Clapton. Mwaka 1890 ilivuka bahari hadi Antwerp ikaifunga timu ya Wabelgiji mabao 7 kwa 0, na huhesabiwa kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kwenda kucheza bara la Ulaya. Ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Ligi ya Kusini mwaka 1894, na mwaka 1905 ikawa moja ya klabu 6 zilizoanzisha Ligi ya Isthmian. Kombe la FA la wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa, ililichukua mara 5: 1907, 1909, 1915, 1924 na 1925. Wala kombe hilo lisidharauliwe. Fainali yake ya mwaka 1951 iliwajaza watu 100,000 katika uwanja wa Wembley. Lilikoma mwaka 1974, pale chama cha mpira kilipoifuta tofauti kati ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa.

Sasa tusikilize pingamizi za wenzetu, maana tumezisikia zote.

Wa kwanza anasema: "Huo mpira wa Waingereza, sisi hautuhusu. Viwanja vyao vimejaa ubaguzi." Ndugu huyu hasemi uongo. Miaka ya 1970 na 1980 mtu mweusi kuingia baadhi ya viwanja vya nchi hii ilikuwa ni kujitafutia balaa, na matusi hayajesha mpaka leo. Lakini na aingie uwanja huu wa Upton Lane amuulize Walter Tull.

Tull alizaliwa Folkestone mwaka 1888, mwaka ule ule Clapton ilipohamia uwanja wake. Baba yake alikuwa seremala aliyetoka Barbados, na babu yake alikuwa mtumwa. Mama alifariki mwaka 1895, baba akamfuata mwaka 1897, na mtoto akapelekwa na kaka yake katika nyumba ya yatima Bethnal Green. Mwaka 1908 Clapton ilimchukua. Msimu huo mmoja alishinda nao Kombe la Ridhaa, Kombe la Wakubwa la London na Kombe la Ridhaa la Jimbo la London. Ndipo klabu kubwa ya Tottenham ilipomwona. Akiwa na Tottenham mwaka 1909, mashabiki wa Bristol walimtukana kwa rangi yake bila kupumua, na baada ya hapo klabu ile kubwa ikawa inampanga zaidi kikosi cha pili, mpaka alipouzwa Northampton mwaka 1911. Vita vilipozuka akaingia jeshini, na mwaka 1917 akafanywa ofisa, ingawa kanuni za jeshi za wakati ule ziliwafungia mlango huo watu wasio na asili ya Ulaya. Aliuawa Ufaransa tarehe 25 Machi 1918, na kaburi lake halijulikani.

Basi anayesema mpira wa chini si wetu, na afikiri tena. Mlango wa kwanza kumfungukia yatima yule mweusi ulikuwa ni mlango wa klabu ya ridhaa. Klabu tajiri ilimchukua akiwa ameshakuwa bidhaa, na ikamweka pembeni bidhaa ilipoleta kelele.

Wa pili anasema: "Kiwango cha huko ni kibovu. Nikalipie nini?" Jawabu letu ni kuwa kiwango si sababu iliyomfanya mtu yeyote apende timu. Tulipokuwa watoto tuliipenda timu ya mtaa kwa sababu ilikuwa ya mtaa, na winga wake ndiye aliyekuwa akitunyoa nywele. Mtu anayetafuta kiwango na aangalie televisheni, hatumkatazi. Lakini asiseme kuwa ana klabu. Ana kipindi.

Wa tatu ndiye tunayemheshimu zaidi, kwa sababu anauliza swali la maana: "Hivi klabu ndogo ina faida gani kwetu sisi wageni?" Huyu inabidi tumweleze habari za kiwanja.

Kiswahili chetu kina hekima ambayo tunaipita kila siku bila kuiona. Mahali pa kuchezea ni uwanja, na kipande cha ardhi ambacho mtu anakijengea ni kiwanja. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Mhandisi akiitwa kujenga, kabla hajauliza habari za saruji wala nondo, huuliza: kiwanja cha nani? Akijibiwa kwa kigugumizi, mwenye akili hufunga mkoba wake, kwani jengo zuri juu ya ardhi ya mtu mwingine ni zawadi kwa mtu huyo.

Clapton ilicheza pale Upton Lane zaidi ya karne moja ikiwa mpangaji. Makombe yalikuwa yake, historia ilikuwa yake, jina lilikuwa lake, lakini ardhi ilikuwa ya wengine, na mwishowe ilikuwa mikononi mwa kampuni ya bia. Mwaka 2006 klabu iliondoka katika Ligi ya Isthmian baada ya miaka 101. Kuanzia mwaka 2012 ilianza kupata mashabiki wapya, vijana waliochoshwa na bei za Ligi Kuu, walioimba dakika zote 90 na kuupinga ubaguzi waziwazi. Kisha wakakosana na uongozi, na walipoona uwanja umo hatarini wakasusa. Msimu mzima wa 2017/18 hawakulipa kiingilio katika uwanja walioupenda. Mwenye kujua mapenzi ya mpira anajua uchungu wa jambo hilo.

Lakini hawakuishia kununa. Mwaka 2018 walianzisha klabu yao mpya, Clapton Community, kwa kanuni moja: mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye mapesa kura moja, mfagiaji kura moja. Walianzia chini kabisa, katika ligi ya kaunti ya Middlesex, wakicheza katika uwanja wa kuazima kule Walthamstow. Jezi yao ya ugenini waliichagua wenyewe, ya rangi nyekundu, njano na zambarau za bendera ya iliyokuwa Jamhuri ya Hispania, kwa kuwakumbuka waliojitolea kwenda kupigana na ufashisti kule miaka ya 1930. Jezi hiyo ikanunuliwa kwa maelfu, na wanunuzi wengi walikuwa Wahispania ambao hawajakanyaga Forest Gate. Na mwaka 2020 klabu hiyo ya wanachama, iliyokuwa na umri wa miaka 2, iliinunua ardhi ya uwanja wa Old Spotted Dog. Haikupanga tena. Imenunua, na hati ni ya wanachama.

Sasa tembea kama nusu saa kuelekea kusini mpaka ilipokuwa Upton Park, nyumbani kwa West Ham United tangu 1904. Sisi tuliokuja zamani tunakumbuka Green Street siku za mechi, namna barabara ilivyojaa watu na wenye maduka walivyofurahi au kufunga milango kwa hofu. Tarehe 10 Mei 2016 West Ham walicheza pale mechi yao ya mwisho ya ligi, wakaifunga Manchester United 3 kwa 2, watu wakalia, kisha uwanja ukabomolewa. Leo pamesimama majumba ya ghorofa. Klabu ilihamia Stratford katika uwanja uliojengwa kwa fedha za umma kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, na humo ni mpangaji kwa mkataba wa miaka 99. Kura ya shabiki haikuhesabiwa, kwa sababu shabiki hakuwa na kura.

Tazameni basi maajabu ya mtaa mmoja. Klabu tajiri imeuza nyumba yake ikaenda kupanga. Klabu ya walala hoi imetoka kwenye kupanga ikanunua nyumba. Ni ipi kati ya hizo mbili iliyo kubwa?

Na asiseme mtu kuwa hilo lilitokea mara moja tu kwa bahati. Dulwich Hamlet, klabu ya kusini mwa London iliyoanzishwa mwaka 1893, ilifungiwa nje ya uwanja wake wa Champion Hill mwaka 2018 na watu wa kampuni ya ujenzi, na hata jina la klabu likaandikishwa na upande wa kampuni hiyo. Uwanja huo ndio uliochezewa mechi ya Olimpiki ya 1948 ambapo Korea ya Kusini iliifunga Mexico 5 kwa 3, lakini historia haikuwafungulia kufuli. Mashabiki walipiga kelele barabarani na kwa madiwani, klabu ikacheza kwa jirani, ikapanda daraja ikiwa haina makao, na Desemba mwaka huo huo ikarudi nyumbani. Wimbledon nao, waliolichukua Kombe la FA mwaka 1988, waliondoka Plough Lane mwaka 1991 wakawa wapangaji, na mwaka 2002 wakubwa wa mpira wakaruhusu klabu ihamishiwe mji mwingine kabisa. Mashabiki wakaunda AFC Wimbledon mwaka ule ule, wakaanza madaraja ya chini, na Novemba 2020 wakarudi Plough Lane katika uwanja mpya. Kisa ni kile kile: asiye na kiwanja huhamishwa, na anayejikusanya hurudi.

Kwetu jambo hili si geni. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilikuzwa na wanachama wenye kadi mfukoni, na jengo la Yanga pale Jangwani mpaka leo ni fahari ya watu ambao wengi wao hawakuwa na nyumba nzuri zao wenyewe. Wazee wale walilielewa jambo ambalo sisi wenye digrii za vyuo vya nje tunahitaji kuelezwa na vijana wa Forest Gate.

Na hapa ndipo tunapotaka kufika, ndugu wasomaji. Mpira ni mfano tu. Jumuiya zetu za Waswahili katika nchi hizi, kuanzia London mpaka Minneapolis, zimekuwa zikikodi kumbi kwa saa. Arusi ukumbi wa kukodi, hitima ukumbi wa kukodi, darasa la Kiswahili la watoto chumba cha nyuma cha jengo la watu. Tunaijua jumuiya moja iliyopakwa rangi ukumbi kwa mikono ya wanachama wake, ikatengeneza jiko na vyoo, na mwenye jengo alipoona limependeza akapandisha kodi mpaka jumuiya ikatoka. Wanawake walibeba masufuria yao siku ile wakiyapakia kwenye gari huku watoto wakiuliza: tunakwenda wapi? Hakuna aliyekuwa na jawabu. Ile rangi bado iko ukutani, na anayefaidi ni mwingine.

Wenzetu watasema: "Sisi tutarudi nyumbani, ya nini kununua majengo ya watu?" Wimbo huu tumeuimba tangu tuna nywele nyeusi. Wako waliorudi, na heri yao. Lakini wengi wamezikwa hapa hapa, na watoto wao wamezaliwa hapa hapa, na watoto hao hawatarudi mahali ambapo hawakutoka. Tukiwaachia nini? Jezi?

Watasema tena: "Hatuna fedha." Na mashabiki wa Clapton walikuwa nazo? Walikuwa walimu, wauguzi, wanafunzi na wapishi. Walichokuwa nacho ni daftari la wanachama, mikutano inayoanza kwa wakati, hesabu zinazosomwa mbele ya kila mtu, na kura ambayo haimtazami mtu ni mtoto wa nani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni pale tu kibaba kisipokuwa na tundu chini. Vyama vyetu vingi havifi kwa umaskini. Vinakufa kwa mwenyekiti wa maisha, kwa daftari asiloliona mtu, na kwa ugomvi wa Unguja na Pemba, wa Mombasa na Lamu, wa bara na pwani, ambao tumeupakia ndegeni na kuulipia uzito wa ziada.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. La kwanza, Jumamosi moja mwacheni runinga na mwachukue watoto mkaangalie klabu ya nje ya ligi iliyo karibu nanyi. Lipeni kiingilio, nunueni chai, simameni kando ya mstari, na waelezeni habari za Walter Tull. La pili, ikiwa klabu hiyo ni ya wanachama, jiungeni, mwende mikutanoni, mwinue mkono wakati wa kupiga kura, ili mzoee kuwa wenye mali katika nchi hii badala ya kuwa wageni wa kudumu. La tatu, na hili ndilo kubwa, kikao kijacho cha jumuiya yenu kisifungwe kabla ya mtu mmoja kuuliza swali la mhandisi: kiwanja cha nani?

Wenyewe wakinyamaza, ulizeni tena kikao kinachofuata. Na mwenyekiti akikasirika, mjue mmeshaanza kujenga.